Safari Hii Hakuna Mutu Anatufukuza

(Maneno ya kikundi cha mbio kwenye mkutano wa mwezi, hapa Kakanda)



Mulituomba sisi wa kikundi cha mbio tuseme kidogo juu ya mambo yaliyotokea mwezi wa sita. Tumekubali. Hatukuja kujisifu, juu kosa lilikuwa letu.

Kwanza tukumbushane tulitoka wapi. Sisi wa upande wa Pweto na Moba tulijua kukimbia mbele ya kujua mchezo wa mbio. Mwaka wa 2000, vita ilipofika Pweto, wengi wetu tulivuka kuingia Zambia. Wamoja walipelekwa Kala, upande wa Kawambwa, wengine Mwange, upande wa Mporokoso. Kule kambini njo tuliona kama mutu anaweza kukimbia bila kufukuzwa: mangaribi vijana walizunguka kambi miguu mitupu, kisha wakarudi kunywa maji na kucheka. Kurudishwa kulianza 2007, na 2010 kambi hizo mbili zikafungwa. Tulirudi, lakini si wote walikuta shamba vile waliliacha. Tukafuata kazi mpaka huku kwenye shaba.

Sasa tukipita barabarani na kaputula, watu wanatuuliza: "Nani anabafukuza?" Tunajibu: "Safari hii hakuna mutu anatufukuza." Wote tunacheka.

Lakini mwezi wa sita tulikimbia sawa watu wenye kufukuzwa.

Mwenzetu mumoja, jina lake tunaliacha, alishikwa na malaria mwisho wa mwezi wa tano. Kazi yake ni kubeba magunia. Siku asipobeba, nyumbani bukari inakuwa kidogo. Alipimwa, akapewa dawa, akameza siku tatu mpaka zikaisha, homa ikatoka. Kasha letu lililipa, na hakuna aliyenungunika, juu kasha ni la kazi ile.

Siku ya sita tukaenda kwake. Tulikuwa tunajitayarisha kwa mbio za kupokezana za tarehe 30, sikukuu ya uhuru, na tulikosa mutu wa nne. Alituambia wazi: "Bandugu, homa imetoka, lakini miguu haiyafika bado." Tulicheka. Mumoja wetu akasema jasho linamaliza ugonjwa. Mwenzetu akaona haya kukataa, akafunga viatu.

Tulitoka saa kumi na moja ya mangaribi. Tulipatana kwenda polepole. Munajua vile inakuwa: mumoja anapita mbele hatua mbili, wa pili anamufuata, wa tatu hataki kuachwa. Mwezi wa sita jua linashuka haraka na baridi inaingia. Malori yalipita, vumbi ikatufunika, na sisi tukaongeza mwendo ili tumalize mbele ya giza. Mwenzetu hakuwa anasema kitu tena. Tulifikiri anajikaza. Kumbe hakuwa na pumuzi ya kusemea. Karibu na kilometa ya tano alikaa chini kando ya barabara, akasema macho yake yanaona giza. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka tuliuona kwenye shati.

Tulimupeleka na pikipiki. Usiku ule wakapima, wakakuta damu imepunguka sana. Alilala kule siku ine, kisha akakaa nyumbani wiki mbili bila kubeba gunia hata moja. Kasha likalipa mara ya pili. Na feza iliyotoka mara ya pili ilikuwa imetengwa kwa mama mumoja wa hapa mwenye alikuwa karibu kuzaa. Alipofikia siku zake, alikopa kwa jirani. Mutoto na mama wako wazima, tunashukuru Mungu. Lakini deni liliingia nyumbani mwake kwa sababu ya mbio yetu. Tulienda kumuomba samahani uso kwa uso, tumelipa nusu ya deni lile kutoka mifuko yetu, na nusu yenye kubaki tunaimaliza mbele ya mkutano unaokuja.

Sasa, tulijifunza nini? Muuguzi alitueleza, na sisi tunawaeleza ninyi. Vijidudu vya malaria vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo njo zinabeba hewa kupeleka kwenye miguu na kwenye moyo. Dawa inaua vijidudu kwa siku chache, lakini damu iliyopotea mwili unaitengeneza kwa wiki nyingi. Basi mutu anaweza kuwa hana homa na bado hana damu ya kutosha. Tena malaria inaweza kuvimbisha bandama, ile ya upande wa kushoto chini ya mbavu. Ikivimba, pigo la tumbo linaweza kuipasua, na hiyo inaua. Kwa hiyo hata kandanda ingojee mpaka munganga aruhusu.

Vijana wengine wanasema kwenda polepole ni kwa wazee. Tuwape mufano. Eliud Kipchoge wa Kenya, mwaka wa 2022 kule Berlin, alikimbia kilometa 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Ni chini ya dakika 3 kwa kila kilometa. Lakini mazoezi yake mepesi ya mchana kule Kaptagat yalipita dakika 4 kwa kilometa, na mwanzoni alijikokota zaidi kuliko vile. Mutu mwenye miguu ile, mwenye hata hakuwa mugonjwa, alikubali kwenda polepole. Sisi wenye kutoka kitandani tunamukimbilia nani?

Basi tumejiwekea desturi, na tunaomba nyumba zote zizijue. Mwenye kutoka kwenye malaria anaanza na kutembea tu, siku nyingi, mbele ya kukimbia. Asubuhi, mbele ya kuinuka kitandani, ahesabu moyo kwa dakika moja. Kama unapiga mara kumi zaidi ya kawaida yake, siku ile anapumuzika. Akianza kukimbia, mwendo ni ule wa kusema na mwenzake: ukishindwa kumaliza sentensi, tembea. Wa nguvu kidogo njo anakaa mbele, wengine wanafuata nyuma yake. Na akisema "miguu haiyafika bado," hakuna wa kucheka.

Tarehe 30 hatukukimbia. Tulisimama kando ya uwanja, tukapigia wengine mikono. Iliuma, hatutaficha. Mwenzetu alikuwa kati yetu, amevaa koti. Alitusukuma na kiwiko, akasema: "Mwaka unaokuja kuko."

Leo anakimbia dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, yeye mbele na sisi nyuma. Anasema njia yote, mpaka wakati mwingine tunamuomba anyamaze. Magunia amerudilia pia, lakini machache kwanza.

Tunamaliza na ombi moja. Tunaomba mukutano ukate leo: feza iliyotengwa kwa mama mwenye kuzaa isiguswe kwa sababu yoyote, na kikundi cha mbio kiwe na kasha lake kidogo kwa ajali za mbio. Franga za kwanza ziko hapa mezani, tumezichanga sisi wenyewe. Katibu azihesabu mbele ya wote.

Na mwenye kutaka kutembea na sisi, kijana ao muzee, tunakutana siku ya tatu, ya tano na ya posho, saa kumi na moja ya mangaribi. Tunarudi mbele ya giza.