Mbunifu Chipukizi Asijifungie Peke Yake
Hotuba kwa vijana wabunifu wa Kaunti ya Garissa



Mbunifu wa mavazi anajua kitambaa na mkasi, lakini hajui yote. Kambi za Dadaab, katika kaunti hii, zilionyesha hivyo katikati ya miaka ya 2000. Wasichana walipenda voliboli, ila nguo ndefu na mitandio iliwatatiza kukimbia na kuruka. Kuacha stara hakukuwa jawabu, kwao wala kwa wazazi wao.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na kampuni ya Nike wakashirikiana kutengeneza vazi la michezo lenye stara. Wabunifu walileta ujuzi wao, wasichana na jamii wakashirikishwa, na wanawake wa kambini wakafunzwa kulishona.

Ondoa mmoja tu kati ya hao uone. Bila mchezaji, vazi lingependeza machoni na kumkwaza uwanjani. Bila wazazi, lingebaki sandukuni. Bila mafundi wa papo hapo, likichanika hakuna wa kushona jingine.

Basi kijana mwenye cherehani mjini Garissa, au anayebuni kibanda cha soko, kabla ya kukata chochote amwite fundi, mtumiaji na mzee. Huenda wakamfanya achore upya, lakini karatasi ni rahisi kuliko kitambaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.