Bukini Yupi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani siku ya kukutana kwetu)



Nimepewa dakika kumi na nimeombwa nisiguse siasa. Basi nitazungumza juu ya mabata.

Wengi wetu tumetoka mabonde ya mpunga. Huko, kila ndege mkubwa anayetua majarubani huitwa bata bukini, basi. Mwaka jana kijijini kwetu ulitolewa ushauri kwamba nafaka yenye sumu imwagwe kando ya majaruba ili “mabukini” wakome. Niliuliza: bukini yupi? Mkutano ukanyamaza. Na sumu haichagui. Njiwa angeila, na mtoto angemwokota njiwa yule akampeleka jikoni.

Wako watatu. Nitawapa majina ya leo tu, ili tuelewane.

Bata wa Misri ni wa kahawia, mwenye doa la giza kuzunguka jicho kama bondia aliyeshindwa, na doa jingine kifuani. Huonekana sana wawili wawili, dume na jike, na ni wagomvi. Jike hupiga makelele. Dume sauti yake ni ya kukwaruza tu.

Bata kipi ndiye mkubwa kuliko wote. Dume aweza kupita kilo 6. Ni mweusi wa kumetameta, tumbo jeupe, mdomo mwekundu. Kwenye kiungo cha bawa ana kipi kama cha jogoo, na ndiyo maana ya jina nililompa. Pamoja na ukubwa huo, sauti yake ni hafifu.

Bata nundu ana kichwa cheupe chenye madoadoa meusi, na mgongo wa kung'aa. Dume ana nundu juu ya mdomo. Jike hana, tena ni mdogo zaidi, hata watu humdhani ni ndege mwingine kabisa.

Hayo ni ya mchana mweupe. Alfajiri, ukungu umetanda na jua liko nyuma yao, wote ni weusi. Ukubwa nao hudanganya ndege akiwa peke yake. Hapo ngoja waruke, utazame mabawa. Bata nundu mabawa yake ni meusi matupu, hayana weupe wowote. Bata wa Misri ana weupe mpana sehemu ya mbele ya bawa, unaoonekana hata kwa mbali. Bata kipi naye ana weupe mbele ya bawa, lakini tazama shingo ndefu, mwili mweusi na mapigo mazito.

Kwa njia hiyo vijana wanne nami tulikaa kando ya majaruba asubuhi tatu. Wengi waliopaa walikuwa na mabawa meusi matupu: bata nundu, wakiokota punje zilizobaki baada ya mavuno. Tuliandika hesabu tukaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Shauri la sumu limeahirishwa, halijafutwa.

Wawindaji nao wasikilize. Huko Gambia imeonekana kwamba baadhi ya bata kipi hubeba mwilini sumu ya mbawakawa wanaowala, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mzee mmoja aliniuliza kwa nini tunasema bukini. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Kati ya hawa watatu, anayeishi kule ni bata nundu peke yake, naye ndiye asiyefanana hata kidogo na bukini wa kufugwa!

Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari katika nchi nyingi tangu mwaka 1967, na huku Afrika tangu 1991. Wahesabuji hawatoshi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa bwawani nyuma ya bweni la zamani. Darubini ninazo tatu. Mwenye viatu vya matope aje navyo.