Nguo za Mtoto Mchanga: Hotuba ya Kamati ya Wanawake kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mnajua kwamba limeletwa pendekezo la kufuta fungu la fedha za nyuzi, ambazo kamati yetu huzitumia kufuma mablanketi, kofia na soksi za watoto wachanga wa wanachama, na wa jirani zetu wasiojiweza. Walioleta pendekezo hilo wasema kwamba sokoni mna mablanketi ya kiwandani na nguo za mitumba kwa bei ndogo. Hatukuja kugombana nao. Neno lao lina ukweli, na sisi wenyewe tuna kosa la kuungama kabla ya kuomba lolote.

Kazi hii tuliirithi. Mama zetu na nyanya zetu walijifunza kushika sindano za kufumia katika shule za misheni, na katika vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952. Ingawa serikali ya kikoloni ilikuwa na makusudi yake katika vyama vile, ufundi ulibaki mikononi mwa wanawake, nao wakaufanya kuwa wao. Lakini pamoja na ufundi, tulirithi pia kupenda sifa. Tulifuma mablanketi yenye matundu mapana kama wavu, tukayatia utepe na vishada. Tulifuma glavu ndogo zenye maua ya rangi tatu. Siku ya maonyesho vyote vilitundikwa ukutani, na watu wakatusifu.

Kisha akaja mama mmoja na mwanawe wa majuma matatu. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha, wala hakutulia kwa ziwa. Asubuhi mama alipomvua glavu tulizompa, aliona uzi wa ndani umekizinga kidole kimoja, nacho kimevimba na kuwa chekundu. Aliukata kwa uangalifu, akampeleka mtoto zahanati, na kwa bahati njema kidole kilipona. Mwuguzi alitueleza wazi kwamba uzi wa namna ile ukikaa muda mrefu huzuia damu, na mtoto aweza kupoteza kidole.

Mama yule hakututukana. Aliziweka glavu mezani, akasema, "Nimezirudisha. Zigeuzeni mzitazame kwa ndani." Tukazigeuza. Nje zilikuwa nzuri kabisa. Ndani nyuzi zilipita ovyo nyuma ya maua, zikiwa zimelegea kama mitego. Aliyezifuma hatumtaji, kwa kuwa sote tulizisifu.

Tangu siku ile tuliacha kufuma glavu, tukaenda kwa mwuguzi kuuliza mtoto mchanga ahitaji nini hasa. Tuliyofundishwa ni haya. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji yakikauka mwilini humwondolea joto upesi. Kwa hiyo hukaushwa kwanza, na kuoga hungoja hata saa 24 zipite. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili, yapata moja ya tano ya ngozi yake yote, na ndiyo sababu ya kofia. Mtoto njiti yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Katika baridi ya mwezi wa Julai huko Limuru na Kinangop, palipo juu ya mita 2,000, jambo hili si dogo.

Tulijifunza pia kwamba nguo haina joto lake yenyewe. Huhifadhi tu joto lililomo. Blanketi la kwanza la mtoto ni kifua cha mama. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwalaza watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa namna hiyo waanze kulazwa hivyo mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Mtoto aliye kifuani huvaa nepi, kofia na soksi tu, na blanketi huwafunika yeye na mama yake.

Basi tumebadili kazi yetu. Kofia twaifuma kwa ukubwa mbalimbali, maana nguo nyingi za sokoni zimekatwa kwa mtoto aliyetimiza miezi, ambaye kichwa chake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi. Kofia ya njiti hupwaya ikiwa kubwa, na hushuka usoni. Blanketi twalifuma la mraba wa sentimita 75, kwa vitanzi 165 katika sindano za milimita 4, mistari yote kwa namna moja, na matundu madogo yasiyopitisha kidole cha mtoto. Hatutii utepe, vishada wala vifungo. Kila kitu hufuliwa kabla ya kutolewa.

Twamwambia kila mama kwamba nyuzi nyingi za sokoni ni za akriliki, ambazo huyeyuka na kushika moto, kwa hiyo zisikaribie jiko la makaa. Na jiko hilo lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua. Tena mtoto akilala peke yake, pasiwe na nguo iliyolegea karibu na uso wake.

Bwana Mwenyekiti, ombi letu ni hili. Mablanketi makubwa na yanunuliwe sokoni, kama walivyosema wenzetu, na fungu la nyuzi lipunguzwe nusu, lakini lisifutwe. Nusu itakayobaki itatosha kofia, soksi na mablanketi madogo. Nasi twaahidi kwamba hakuna kitu kitakachotoka mikononi mwetu kabla wanawake wawili wasiokifuma hawajakigeuza na kukikagua kwa ndani.

Wa kwanza wa wakaguzi hao ni mama yule aliyeturudishia glavu. Tulimwomba aingie katika kamati, naye akakubali. Mwezi uliopita aliturudishia kofia nne.