Maji Yamechukua Nyumba, Nani Ataandika?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo nazungumzia picha, filamu na mashairi. Usiseme hiyo ni mada ya watu wa starehe. Hebu nisikilize kwanza.

Ziwa letu la Nakuru mwaka 2010 lilikuwa na takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia 2020 lilikaribia 70. Lango kuu la mbuga likamezwa, maji yakapungua chumvi, na heroe wengi wakahama kufuata chakula. Kule Naivasha, mtaa wa Kihoto ulifurika 2020, ukafurika tena 2025, watu wakatolewa majumbani kwa mashua. Mvua ilizidi kiasi, na milima tuliyoikata miti ikamwaga udongo ziwani. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa yaliyofurika ilihesabu watu wapatao 380,000 walioathirika.

Sawa, tumehesabiwa. Lakini hesabu haikwambii mama aliyefunga mlango kwa kufuli huku maji yako magotini alikuwa akifikiria nini.

Mwaka 2020 mpiga picha Nick Brandt alikuja Kenya, akapiga picha kule Ol Pejeta, Laikipia. Aliwaweka watu waliopoteza makao kwa ukame na mafuriko pamoja na wanyama waliookolewa, wote ndani ya ukungu. Ni picha nzuri, na majina ya watu wale ameyaandika. Hata hivyo, tuseme ukweli, aliyeshika kamera ni mgeni.

Mimi napenda zaidi habari ya Kisilu Musya, mkulima wa Kitui. Yeye alishika kamera mwenyewe, akarekodi shamba lake, ukame, na dhoruba iliyoibomoa nyumba yake. Pamoja na Julia Dahr wa Norway ikatoka filamu mwaka 2017. Ukiitazama unamwona baba anayebishana na mkewe kuhusu riziki, si "mwathirika" tu.

Na hili si geni kwetu Waswahili. Vita vya Majimaji vilipokwisha kule Tanganyika, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliviandikia utenzi. Wajerumani walikuwa na ripoti zao, naye alikuwa na kalamu yake.

Najua kuna atakayeuliza hukumu ya kuchora viumbe. Hilo nawaachia masheikh wetu. Utenzi hauna mgogoro huo, wala sauti ya bibi kwenye simu.

Kwa hiyo kijana, baada ya futari, keti na mtu aliyehamishwa na maji. Omba ruhusa kwanza. Usimuulize alipoteza kiasi gani, hilo ameshaulizwa na maafisa. Muulize njia ya kwenda msikitini ilipita wapi, jirani upande wa kulia alikuwa nani, na makaburi ya wazee wake sasa yako kina gani.