Anayeripoti dini amuulize nani?

Mwandishi chipukizi anayetumwa kuripoti ibada hujikuta njia panda: aandike kama muumini au kama polisi? Tumtazame mhubiri Mkongo, Simon Kimbangu. Mwaka 1921 mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza adhabu kuwa kifungo cha maisha, naye akafia kifungoni Élisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Aliyesoma faili la mahakama peke yake aliona mchochezi. Wafuasi walisimulia wagonjwa waliopona. Siku hizi kila 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake.

Sasa basi, hapa Kasomeno hili linatuhusu nini? Linatuhusu siku mhubiri anapotangaza uponyaji hewani, na mama akaacha kumpa mtoto dawa. Wapo watakaosema kudai ushahidi ni kudharau imani. Kweli, dharau ipo, hasa kwa makanisa madogo ya mabati. Lakini kusema “anadai amepona”, kisha kumuuliza muuguzi wa zahanati, hakumvunjii Mungu heshima. Ugumu uko kwingine: mara nyingi mhubiri huyohuyo ndiye anayelipia kipindi. Je, redio inayoishi kwa fedha hizo itathubutu kumuuliza?