Viwanja Vidogo, Mji Mmoja: Somo la Roppongi Hills kwa Wenye Viwanja vya Sokoni Kwetu

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka



Kamati ya Fedha huwa inasimama hapa kusoma mapato na matumizi. Mwaka huu hesabu mmekwisha kugawiwa kwa maandishi, na maswali tutayajibu moja baada ya jingine. Kwa hiyo tumeomba dakika hizi tuzungumze jambo ambalo halijaingia kwenye leja yoyote, ingawa ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizonazo. Nalo ni viwanja vya kuzunguka soko letu.

Wote mnajua kinachoendelea. Dalali anakuja kwa familia moja, anatoa fedha taslimu, anaondoka na karatasi ya mauziano. Mwezi unaofuata yuko kwa jirani. Familia inapata pesa za ada, za matibabu au za pikipiki, na hakuna wa kuilaumu, maana shida haina adabu. Lakini kila kiwanja kikiuzwa peke yake, huuzwa kwa bei ya kiwanja kidogo. Anayekuja kuviunganisha ndiye anayepata bei ya kiwanja kikubwa. Na sisi tutarudi Desemba tukiwa wapangaji mahali tulipozaliwa.

Tunapowashauri watu wasiuze, wanatuuliza swali la haki kabisa: "Tusipouza, tutajenga kwa pesa gani?" Swali hilo liliwahi kuulizwa na watu wengine wenye viwanja vidogo, katikati ya jiji la Tokyo, nchini Japani. Jibu lao leo linaitwa Roppongi Hills.

Ukiona picha zake, unaona kwanza mnara wa ghorofa 54, wenye urefu wa mita 238. Pembeni kuna majengo ya makazi, hoteli, maduka, sinema, kituo cha televisheni, bustani yenye bwawa, na makumbusho ya sanaa juu kabisa ya mnara. Eneo zima ni kama hekta 11. Lilifunguliwa Aprili 2003. Lakini sisi wahasibu hatukuvutiwa na mnara. Tulivutiwa na swali la nani alikuwa na ardhi ile kabla ya mnara.

Kabla yake palikuwa na mtaa wa kawaida. Kituo cha televisheni kilikuwa na eneo kubwa, lakini kando yake zilibanana nyumba za mbao, maduka madogo na vyumba vya kupanga, kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto lisingeweza kupita. Wenye haki juu ya ardhi na majengo walikuwa wapatao 500. Wengine walikuwa na kipande ambacho kwetu kingetosha fremu mbili tu. Mwaka 1986 serikali ya jiji ililitangaza eneo hilo kuwa la kuendelezwa upya. Tangu tangazo hilo hadi ufunguzi ilipita miaka 17.

Miaka hiyo yote ilikwenda wapi? Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 2000 na kuchukua miaka mitatu tu. Iliyobaki, kama miaka 14, ilikuwa ya kuzungumza, kupima, kuthamini, kuandika majina na kukubaliana. Kampuni iliyoongoza kazi hiyo, Mori Building, ilipeleka wafanyakazi wake nyumba kwa nyumba. Mkuu wake, Minoru Mori, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa amekwisha kuijaribu njia hiyo katika mradi wa jirani uitwao Ark Hills, uliokamilika mwaka 1986 baada ya safari ndefu vilevile. Mwaka 1998 wenye haki wa Roppongi waliunda chama chao cha kuendeleza eneo, chenye nguvu za kisheria. Mwishowe waliobaki ndani ya mradi walikuwa takribani 400. Chama kama chetu, kina wanachama, vikao na kumbukumbu.

Sasa tufike kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo penye siri. Japani ina sheria ya mwaka 1969 inayoruhusu kubadilisha haki. Maana yake ni hii: huuzi kiwanja chako, unakibadilisha na sehemu ya jengo jipya lenye thamani sawa. Tuchukue mfano wetu wenyewe, wa tarakimu nyepesi.

Tuseme familia tatu zina viwanja vinavyopakana. Cha kwanza kimethaminiwa shilingi milioni 20, cha pili milioni 30, cha tatu milioni 50. Jumla ni milioni 100. Hakuna hata mmoja mwenye pesa ya kujenga. Jengo la fremu 50 litagharimu milioni 400. Ardhi na ujenzi kwa pamoja ni milioni 500, kwa hiyo ardhi ni sehemu moja ya tano. Sehemu moja ya tano ya fremu 50 ni fremu 10. Hizo ni za wenye ardhi: wa kwanza anapata 2, wa pili 3, wa tatu 5. Fremu 40 zinazobaki anapewa mwenye mtaji, au zinauzwa, na ndizo zinazolipa gharama ya ujenzi. Hakuna familia iliyotoa pesa mfukoni, na hakuna iliyohama sokoni.

Ndivyo Roppongi ilivyojengwa, ila kwa wenye haki mamia na kwa miaka mingi. Ghorofa za ziada zililipa ujenzi, na mwenye nyumba ya mbao akabadilisha kipande chake kwa sehemu ya jengo, yenye hati yake.

Tuongeze jambo moja ambalo mwenye haraka hulisahau. Katikati ya mazungumzo yale, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei za ardhi Japani zilizokuwa zimepanda kupita kiasi zilianguka, na zikaendelea kushuka kwa miaka mingi. Mradi ungeweza kufa. Haukufa, kwa sababu kilichowaunganisha watu hakikuwa ahadi ya bei fulani. Kilikuwa fungu. Bei ikishuka, fungu lako bado ni fungu lako.

Hatutaki kuwapaka asali. Mambo matatu ya Roppongi yanatupa tahadhari.

La kwanza, si wote waliobaki. Kutoka 500 hadi 400 ni watu mia moja hivi ambao, kwa sababu moja au nyingine, hawakuendelea. Sheria yao inataka angalau theluthi mbili ya wenye haki wakubali ndipo chama kiundwe, na asiyetaka hulipwa fidia na kuondoka. Kwetu, theluthi moja ya familia za sokoni ni ndugu zetu wengi mno kuwaacha nyuma. Tungependa kwenda polepole zaidi ili twende wengi zaidi.

La pili, mahali pakipendeza, gharama hupanda. Roppongi Hills imekuwa ya kampuni kubwa na watu wenye uwezo. Jengo la pamoja lina lifti, ulinzi, maji, bima na ukarabati, na kila mwenye sehemu huchangia. Bibi anayemiliki fremu mbili lazima ajue tangu mwanzo kwamba kodi anayopokea itakatwa matunzo. Hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa makubaliano, lisifichwe kwenye maandishi madogo ya mwisho.

La tatu, kampuni iliyoongoza ilikuwa na mtaji, wataalamu na subira ya miaka 17. Sisi hatuna kampuni ya namna hiyo. Akija mwekezaji kwetu, atakuja na wakili wake, mthamini wake na haraka yake. Asipokuta upande wetu umejipanga, hesabu ya moja ya tano atatufanyia yeye.

Wengine mtasema, mbona ubia upo hata Kariakoo? Ni kweli, na tumeuona wote. Mwenye nyumba ya Kiswahili anatoa kiwanja, mjenzi anapandisha ghorofa, wanagawana. Wapo waliofaidika sana. Lakini pale kila mmoja alipatana kivyake, kiwanja kwa kiwanja. Ndiyo maana ghorofa zimesimama bega kwa bega, magari hayana pa kuegesha na njia ni zile zile za wakati wa nyumba za chini. Roppongi waliunganisha viwanja kwanza, ndipo wakapata barabara pana, bustani na uwanja wa wazi. Juu ya paa la jengo la sinema wana hata shamba dogo la mpunga, ambapo wakazi na watoto wao hupanda na kuvuna. Wana chama cha wakazi kinachofanya usafi wa mitaa kwa pamoja, na kila Agosti wanacheza ngoma zao za kiangazi. Wana pia mtambo wao wa umeme wa gesi. Baada ya tetemeko kubwa la Machi 2011, walipeleka sehemu ya umeme wao kwa shirika la umeme la Tokyo lililokuwa limezidiwa. Haya yote hayawezekani kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20.

Je, sheria zetu zinaruhusu? Msingi upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati ya hakimiliki ya kimila. Na tangu mwaka 2008 Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo, inayowezesha kila fremu au kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake. Kinachotukwamisha ni makaratasi ya familia zetu wenyewe.

Wazee wetu, tuwe wakweli. Viwanja vingapi vya sokoni bado viko kwa jina la babu aliyekwisha kulala? Mipaka mingapi ni mti wa mwarobaini uliokatwa zamani? Ndugu wangapi hawaongei kwa sababu ya hatua tatu za ardhi? Mradi wowote wa pamoja huanza na swali moja: nani anamiliki nini? Kama jibu ni ugomvi, hakuna fungu la kugawa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na viwanja vyetu ndivyo vinavyoisha hivyo.

Kwa hiyo harambee ya leo si ya kujenga ghorofa. Hatutachangisha hata shilingi moja ya tofali. Tunachangia kazi ambayo Roppongi iliwachukua miaka mingi kuliko ujenzi, nayo ni kupima, kuthamini na kuandika. Fedha za leo zitaingia kwenye akaunti yake peke yake, zisichanganywe na za zahanati wala za ada, na zitatumika kwa mambo matatu tu.

Moja, mpimaji aliyesajiliwa apime viwanja vyote kuzunguka soko kwa mara moja, majirani wakiwa wamesimama kwenye mipaka yao pamoja na viongozi wa kijiji.

Mbili, kusaidia familia zenye viwanja vya marehemu zifungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, ziteue msimamizi, na majina ya wajane na mabinti yaingie kwenye orodha. Tunalisisitiza hili. Fungu lisilo na jina la mama mjane ni fungu lililoibwa mapema.

Tatu, mthamini wa kwetu, anayelipwa na sisi, ili siku mwekezaji atakapokuja tujue thamani yetu kabla hajatuambia yeye.

Kila mchango utapewa risiti. Kila robo mwaka taarifa ya matumizi itabandikwa sokoni na kutumwa kwenye kundi la simu la chama. Mwanachama yeyote anaweza kuomba kuona vocha, na asiulizwe kwa nini.

Tunaomba pia ahadi isiyo ya pesa. Mwenye kiwanja sokoni akibanwa na shida, kabla hajamwita dalali, aite chama kwanza. Tutakaa naye, pamoja na mke au mume wake na watoto wake. Huenda akapata mkopo kwetu, huenda jirani akanunua. Akiamua kuuza, bado ni haki yake, lakini auze akijua anauza fungu la kitu gani.

Safari hii ni ndefu. Inawezekana wazee wengine waliomo ukumbini wasilione jengo. Lakini kuona majina yao na mipaka yao ikiwa kwenye ramani moja, iliyotiwa sahihi na majirani wote, hilo linawezekana kabla ya harambee ijayo.

Meza ya michango iko kulia kwenu, na fomu za kuorodhesha viwanja ziko kushoto. Tunaomba kila familia yenye kiwanja sokoni isiondoke kabla ya kupita meza zote mbili.