Haki ya Mzazi, Hasira ya Umma na Kazi ya Mwandishi

Mtoto anapoondolewa kwa mzazi wake, iwe hapa Moshi mjini au kule Rombo, Machame na Marangu, habari hutufikia kupitia mdomo mmoja: wa mzazi aliyeondolewa mtoto. Kilio chake kikirekodiwa kwa simu, kufikia jioni kimeshazunguka makundi ya WhatsApp, na asubuhi watangazaji wanauliza ni serikali gani hii inayopora watoto. Sisemi hasira hiyo haina haki ya kuwapo. Ninachosema ni kwamba mwandishi aliyemsikia mzazi mmoja hajapata bado habari ya mtoto. Amepata lalamiko dhidi ya utaratibu, na utaratibu unaweza kuhakikiwa bila kumgusa mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, inataka mashauri yake yasikilizwe faragha, na inakataza kutangaza taarifa au picha inayoweza kumtambulisha bila idhini ya mahakama. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii hawezi kwenda hewani kueleza alichokikuta ndani ya nyumba, na ukimya wake husikika kama kukiri kosa. Sisi nasi tunadhani tumemsitiri mtoto kwa kumtia ukungu usoni, huku tumeshataja jina la mama, ukoo, kitongoji na shule. Kwenye vijiji ambako kihamba, yaani shamba la ukoo, kimepakana na kihamba na kila mtu anajua nani mjukuu wa nani, ukungu huo haufichi chochote. Mtoto atarudi darasani wenzake wakijua kwamba alipigwa, au kwamba mama yake anadaiwa kuwa mlevi, na hakuna kanusho litakalolifuta hilo.

Najua nitajibiwa kwamba usiri huo huo ndio unaofunika makosa ya maofisa. Ni pingamizi zito, na Norway imelithibitisha. Kwa miaka mingi idara yake ya ulinzi wa watoto ililaumiwa na wazazi wahamiaji, wakiwamo Waafrika Mashariki, na tarehe 10 Desemba 2021 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya lilimpa ushindi mama mmoja Msomali ambaye mwanawe aliasiliwa na walezi wake wa kambo, familia ya Kikristo. Lakini tuangalie alichokidai. Hakuomba mtoto arudishwe, kwa kuwa alishaishi na walezi hao muda mrefu. Alipinga uamuzi wa kuasiliwa kwake uliokata uhusiano wa damu na wa dini. Mahakama ilipata kosa humo humo, katika uzito mdogo uliopewa uhusiano wa mama na mwana na imani yao. Kelele za "rudisheni watoto" zisingeligundua. Liligunduliwa na waliosoma mwenendo wa shauri ukurasa kwa ukurasa.

Wapo pia watakaosema kwamba mzazi, na huku kwetu ukoo wa baba, wana haki ya kusikika. Wanayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama izingatie matakwa ya wazazi, mila za jamii na maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kuyatoa, na inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yote hayo, hata hivyo, yako chini ya ustawi wa mtoto. Basi mwandishi aulize: amri imetolewa na mahakama gani, ni ya muda au ya mwisho, mzazi alisikilizwa, ameruhusiwa kumwona mtoto, rufaa imekatwa? Maswali haya hayahitaji picha wala jina la kijiji, na afisa asiyeweza kuyajibu anastahili hasira yetu yote. Na kituo kilichopaza sauti siku ya kwanza kina deni la kurudi siku ya uamuzi, kiutangaze kwa uzito ule ule, hata ukimwelemea mzazi kiliyemtetea.